Mhandisi Mgeni na Mhandisi Mwenyeji

Katika Marekani, ambako wahandisi wa kompyuta huweza kutafutwa kama lulu mwaka huu na kuachishwa kazi mwaka ujao, viza iitwayo H-1B, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1990 ili waajiri wapate kuwaleta wageni wenye elimu mahsusi, imezua mabishano makali. Kila mwaka hutengwa nafasi 65,000, na nyingine 20,000 kwa waliohitimu shahada ya juu katika vyuo vya huko huko.

Sheria humtaka mwajiri amlipe mgeni ujira usiopungua ule wa kazi hiyo katika eneo anakofanyia kazi. Lakini ujira wenyewe umegawanywa katika madaraja manne, na daraja la mwanzo li chini sana ya wastani, hata mhandisi mwenyeji mwenye uzoefu akaona, na kwa haki, kwamba anashindanishwa kwa bei wala si kwa maarifa.

Hata hivyo, adha kubwa zaidi, kwa rai yangu, humkuta mgeni mwenyewe: kibali chake kimefungamana na mwajiri, na akiachishwa hupewa muda usiozidi siku 60 apate mwajiri mwingine, ama afunge virago pamoja na ahali zake, wakiwamo watoto waliokwisha kuzoea shule za huko. Mtu wa hali hiyo atathubutuje kudai nyongeza? Na asipodai yeye, mwenyeji aliyeketi meza ya pili naye hupungukiwa nguvu ya kudai. Ada ya dola 100,000 aliyoiamuru Rais Donald Trump Septemba 2025 iliwalenga wageni waliokuwa bado nje; aliyekwisha kuingia haikumfungua.