Kipuri Kinachoingia na Kipuri Kinachokaa

Katika mji wa Tunduma, ambako barabara kuu itokayo Dar es Salaam hukoma mpakani ikitazamana na Nakonde ya Zambia, hakuna haja ya kuulizia duka la vipuri, kwani palipo na foleni ya malori hapakosi wauza spea wala mafundi. Lakini vipuri viuzwavyo hapo aghlabu ni vya magari ya zama hizi, ambayo kila bolti yake imepimwa kwa milimita, hali huko Mbozi, Momba na Ileje bado zingaliko Land Rover za zamani, Series IIA iliyoanza kuundwa mwaka 1961 na Series III iliyoifuata mwaka 1971 hata 1985, na bolti za magari hayo, takriban zote, ni za inchi. Hitilafu hiyo ya vipimo, ambayo kwa macho haionekani, ndiyo chanzo cha nusu ya uharibifu niuonao katika magari yaletwayo kutengenezwa baada ya kuwa yamekwisha kutengenezwa.

Bolti ya milimita 8 na bolti ya inchi 5/16 zikilazwa pamoja juu ya meza, mtu hawezi kuzitofautisha, maana unene wa ile ya pili ni milimita 7.94, lakini hesi zao hazipatani hata kidogo, kwa kuwa ile ya kwanza kwa kawaida husogea milimita 1.25 kila inapozunguka mara moja, na ile ya inchi, yenye hesi laini, husogea milimita 1.06 tu. Basi bolti ngeni itakubali kuanza kwa vidole, itakwama baada ya mizunguko miwili mitatu, na fundi mwenye haraka, akidhani ni kutu, atachomeka bomba kwenye mpini wa spana aikaze kwa nguvu mpaka izame; naye ataamini kwamba imekaza, kumbe imezikata hesi za tundu na imeshikwa na vumbi la chuma. Spana nazo ni vivyo hivyo: nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 huivaa ikicheza, na kwa muda si mrefu pembe zote sita zimelika. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba bolti yoyote ya Land Rover ya zamani sharti iingie kwa vidole mpaka mwisho wa hesi zake kabla spana haijaguswa, na kwamba bolti kuukuu isitupwe kamwe maadamu mpya haijapatikana ikalinganishwa nayo.

Kadhalika mwenye gari asiridhike kumwambia muuzaji kwamba gari lake ni la inchi 88 au 109 baina ya ekseli zake. Series IIA ina herufi mwishoni mwa nambari ya chasisi, na herufi hiyo huonyesha mabadiliko yaliyofanywa kiwandani Solihull, hata magari mawili yafananayo kwa sura yakahitaji vipuri mbalimbali. Tena kwa umri wake, mengi yamekwisha kupewa injini ya gari hili na ekseli ya gari lile, na nambari haiwezi kueleza historia hiyo. Ndipo kipimo cha mkono kinaposhinda kitabu.

Gari hili, lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, lilikusudiwa lifungulike kwa urahisi. Hafushafti ya nyuma, kwa mfano, hutolewa kwa kulegeza bolti chache za kwenye habu, na gurudumu likabaki pale pale chini bila kuinuliwa kwa jeki. Jambo hilo lilikuwa rehema katika nchi zenye njia ngumu, nayo njia ya Tunduma ilikuwa ngumu kweli katika miaka iliyofuata Novemba 1965, waziri mkuu Ian Smith alipoitangazia Rhodesia uhuru na Zambia ikalazimika kupitisha mafuta yake huku kwa barabara ya udongo, mpaka bomba la mafuta lilipofunguliwa mwaka 1968. Lakini urahisi wa kufungua umewadanganya wengi wakadhani kwamba kufunga nako ni kazi nyepesi.

Mfano ulio bora ni tufe la gurudumu la mbele. Nyuma ya kila gurudumu la mbele mna tufe la chuma lililopakwa kromu, na kasha la gurudumu huzunguka juu yake dereva anapokata usukani. Ndani ya kasha hilo mna mafuta ya gia, EP90, ambayo hulainisha kiungo cha hafushafti, beringi ya pini ya chini na bushi ya pini ya juu, na kinachoyazuia yasimwagike ni sili moja kubwa ya mviringo. Gari likizoea kushuka bonde la Rukwa, tope na mchanga hukaukia juu ya tufe, kromu huchubuka, kutu huchimba mashimo madogo madogo, na kila usukani unapozungushwa mashimo hayo huikwangua sili kama tupa. Mafuta huanza kuchirizika, na mwenyewe hununua sili mpya.

Hapa ndipo palipo na kosa. Sili hiyo ni pete kamili, na kuitia kwa njia ya haki hutaka tufe lifunguliwe kutoka kwenye ekseli. Lakini kwa kuwa kazi hiyo ni ya kutwa nzima, fundi huikata kwa kisu, huipitisha, kisha huunganisha ncha zake. Hata kama ncha zimekutana vizuri, sili mpya juu ya tufe lenye mashimo haina maisha, na baada ya siku chache mafuta hutoka tena. Wengine, wakichoka, hujaza grisi nzito badala ya mafuta. Grisi hiyo haichirizi, ni kweli. Lakini mafuta hurushwa na kiungo kinachozunguka yakafika mpaka bushi ya juu, na grisi nzito husukumwa kando ikakaa huko huko, hata bushi ikafanya kazi kavu. Dereva hugundua siku usukani unapokuwa mzito, au gurudumu linapoanza kutetemeka barabarani, na kufikia hapo pini imekwisha kulika.

Mtu na afungue vyote, avisafishe, kisha apitishe ukucha wake juu ya tufe. Ukucha ukinasa, tufe lenyewe ndilo la kubadilishwa, wala asipoteze fedha kwa sili. Wakati wa kurudisha, baina ya pini na kasha hutiwa vibati vyembamba vya kurekebishia: kupunguza kibati huongeza ugumu wa kugeuka, kuongeza huulegeza. Ugumu huo haupimwi kwa kukisia, bali kwa mizani ya springi iliyoning'inizwa kwenye mkono wa usukani, kabla sili haijafungwa, kwani msuguano wake huficha kipimo cha kweli. Na tarakimu isomwayo hulinganishwa na ile iliyoandikwa na waundaji kwa toleo hilo hilo. Mizani yenyewe ni ya bei ndogo, na nasikitika kwamba katika gereji nyingi haimo.

Beringi za habu nazo zina sharti lake: pete ya nje na kiini chake chenye rola za mshazari vimezaliwa pamoja, na kuvalisha kiini kipya katika pete kuukuu kwa sababu pete hiyo ni ngumu kutoka ni kuilipia beringi mara mbili. Na mipira ya breki isioshwe kwa petroli wala dizeli, wala mfumo wake usitiwe mafuta ya injini hata kwa dharura, kwani mpira huo huvimba, breki zikashika zenyewe, zikachemka, na zikakosa nguvu pale zinapohitajiwa zaidi, kama vile katika mteremko wa Senjele.

Kuhusu bodi nitasema machache. Imefanywa kwa mchanganyiko wa aluminiamu, kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, nayo hailiwi na kutu ya kawaida. Illa ikigusana na bolti tupu ya chuma mahali penye maji, aluminiamu huoza kuzunguka tundu ikawa unga mweupe. Washa ya mpira na rangi kidogo baina ya metali hizo mbili hutosha.

Kazi ikiisha, gari lisikabidhiwe gerejini. Liendeshwe kwa mwendo wa kiasi kutoka Tunduma hadi Vwawa, kisha fundi ashuke aweke kiganja juu ya kila habu: iliyo moto kuliko wenzake imebanwa mno, nayo ifunguliwe upya pale pale kabla ya safari ya kurudi, na bolti zote zilizoguswa zikazwe tena kesho yake asubuhi, chuma kikiwa kimepoa.