Gredi ya 10 Taita Taveta: bweni au kutwa?

Shule zilizokuwa za kitaifa, kama Kenyatta High ya Mwatate au Bura Girls, Wizara ya Elimu imeziwekea karo ya shilingi 53,554 kwa mwaka. Shule za bweni za kaunti ni 40,535. Ya kutwa haidai karo ya masomo, kwani hiyo hulipwa na serikali.

Tofauti ya shule hizo za bweni, shilingi 13,019, mzazi wa Voi anaweza kujipangia. Kinachomkaba ni Januari. Karo hugawanywa asilimia 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu, kwa hiyo shule ya kitaifa inataka 26,777 papo hapo, kabla ya godoro, sanduku na sare. Omba basari ya hazina ya eneobunge (NG-CDF) na ya kaunti mapema, lakini usizihesabu kama pesa za Januari mpaka hundi itoke.

Kutwa nayo ina bei yake. Tuseme nauli ni shilingi 50 kwenda na 50 kurudi: kwa siku 180 za masomo ni 18,000, na mtoto hajala chakula cha mchana. Wanaokaa Sagalla au kando ya mbuga ya Tsavo wanajua ndovu hupita njia za kwenda shule alfajiri. Kwao, kumwambia mtoto atembee si njia ya kuokoa pesa.

Linaloniuma zaidi ni mgao wa serikali. Kila mwanafunzi ametengewa 22,244 kwa mwaka, popote alipo, ingawa mwaka 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi alikiri kwamba hazina inamudu takriban 16,900. Usawa huo ni wa kichwa kwa kichwa tu. Shule ya wanafunzi 1,200 inastahili zaidi ya milioni 26. Ya kutwa yenye 150 inastahili milioni 3.3. Lakini maabara haipunguzi bei kwa sababu watoto ni wachache. Pesa zikikatwa, shule kubwa huahirisha mradi, ndogo hukosa kemikali za majaribio. Kisha watoto wote hufanya mtihani mmoja na kugombea nafasi zile zile za chuo kikuu. Serikali ingeanza kwa kuipa kila shule ndogo kiwango cha chini cha fedha, ndipo ihesabu vichwa.

Angalia pia mikondo ya masomo. STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) iko kila shule, lakini Sanaa na Michezo hutolewa na zile zenye mikondo mitatu pekee, na shule nyingi ndogo za kutwa zina miwili. Mtoto mchoraji huenda akalazimika kwenda bweni hata kama kuna shule mlangoni pake.

Kabla ya kujaza machaguo ya shule, nenda shuleni siku ya masomo. Omba ufunguliwe maabara, ufungue mfereji uone kama maji yanatoka. Uliza mwalimu wa fizikia ameajiriwa na tume ya walimu (TSC) au na bodi ya shule, kwa sababu mshahara wa mwalimu wa bodi mara nyingi humrudia mzazi, hata kule kunakoitwa bure.