Nati ikigoma, saa ya Safari Rally haisubiri

Asubuhi ya Jumapili, Juni 27, 2021, Thierry Neuville aliingia mkondo wa Loldia, Naivasha, akiongoza Safari Rally kwa zaidi ya sekunde 50. Ilikuwa siku ya mwisho, na mbio hizo ndiyo kwanza zimerudi kwenye kalenda ya dunia tangu zilipotoka mwaka 2002. Mbelgiji huyo alikuwa na kazi moja tu: kulifikisha gari mwisho. Kabla mkondo haujaisha, shokapu ya nyuma kulia ya Hyundai yake ilikuwa imekufa. Safari yake ikaishia hapo. Sébastien Ogier wa Toyota akabeba kombe, Takamoto Katsuta akawa wa pili kwa tofauti ya sekunde 21.8.

Hiyo 21.8 iwekwe pembeni kidogo, itahitajika.

Shabiki aliyesimama kwenye vumbi la Kedong au Sleeping Warrior huona gari likiruka, hupiga kelele, basi. Asichokiona ni kinachofuata jioni kwenye uwanja wa huduma. Gari linaingia limejaa udongo hadi kwenye vioo, na saa inaanza kuhesabu. Mafundi wana dakika 45. Mchana zinakuwa pungufu ya hapo. Wakizidisha, dereva anakatwa sekunde 10 kwa kila dakika aliyochelewa kituo cha muda. Dakika mbili ni sekunde 20. Dakika tatu ni 30, na kwa hesabu za mwaka ule, 30 zingetosha kumshusha bingwa.

Na dakika tatu si kitu mbele ya nati iliyogoma.

Fundi yeyote wa gereji, awe Naivasha au Kinondoni, anaijua hali hii. Spana imekaa sawa, mkono umevuta, nati haitikisiki. Anaongeza bomba kwenye mpini wa spana, anavuta tena, "paa!", anadhani imefunguka. Kumbe zimelika kona. Au bolti imekatika na kipande kimebaki ndani. Hapo kazi ya dakika tano inaweza kugeuka ya saa nzima.

Ubaya unatokana na kutu yenyewe. Chuma kikipata kutu kinavimba, kwa kuwa kutu hujaza nafasi kubwa kuliko kile chuma kilicholiwa. Katikati ya meno ya nati na bolti hakuna nafasi ya kuvimbia, kwa hiyo inajikaza yenyewe kama kabari. Chini ya gari ndiko maji, tope na vumbi vinakopigwa siku nzima, na vyuma vya shokapu na stablaiza viko hapohapo nyuma ya tairi. Kwa madereva wa kujitegemea kuna jingine. Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer nyingi walizoanzia zilikuja mitumba kutoka Japani, na kaskazini ya nchi ile barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Gari linang'aa juu, huku chini nati zake zilishaanza kuliwa kabla halijapanda meli.

Timu kubwa hazina shida hii kwa kiwango hicho. Magari yao hufumuliwa na kufungwa upya kila mara, nati zinabadilishwa, meno yanasafishwa. Anayeteseka ni yule jamaa mwenye gari moja, mafundi watatu na pikapu ya vipuri. Yeye nati ikimgomea saa moja jioni hana pa kukimbilia.

Mafundi wazoefu hawaanzi na nguvu. Wanaanza na brashi ya waya, kwa sababu meno yaliyobaki nje yakiwa na uchafu, nati ikisogea kidogo inakwama tena. Halafu mafuta ya kupenya, na subira. Gereji za mtaani wengine huloweka kwa dizeli usiku kucha, jambo linalosaidia, ila usiku kucha haumo ndani ya dakika 45. Ndiyo maana wenye akili humaliza vita hii wiki mbili kabla ya mbio: kila nati ya chini ya gari inafunguliwa, inasafishwa, inapakwa grisi inapostahili na kufungwa upya. Kazi haina shangwe, wala hakuna mpiga picha anayekuja kuitazama.

Siku ya siku, boksi spana ya pembe sita hutangulia, kwa kuwa ile ya pembe 12 hushika kona tu na ndiyo inayozila. Wengi hukaza kwanza kidogo ndipo wafungue, ule mstuko uvunje kutu. Nati ya linki ya stablaiza ina ujanja wake: ukizungusha, bolti nayo inazunguka, unaweza kuchezea hapo mpaka kesho. Lazima bolti ishikwe kwa kifunguo cha L kwenye tundu lake la katikati. Tundu likiharibika, hakuna mjadala, linakuja grinda. Linki mpya ni bei ndogo kuliko dakika tatu.

Moto nao upo. Nati ikipashwa hutanuka na kuachia. Lakini moto karibu na shokapu ni kuchezea kifo, ndani kuna mafuta na mara nyingi gesi iliyoshindiliwa. Mafuta ya kupenya yaliyomwagwa dakika moja nyuma nayo yanawaka.

Iko nati moja ambayo hata fundi mwenye haraka ya mwisho huinyenyekea: ile ya juu kabisa, katikati ya shokapu iliyovaa springi. Ikifunguliwa kabla springi haijabanwa kwa kibanio chake, inaruka na kila kilichokuwa juu yake. Fimbo ya shokapu nayo haishikwi kwa praizi. Mkwaruzo mdogo tu unakata sili, mafuta yanavuja, na shokapu mpya imeshakuwa chakavu kabla haijaonja barabara.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Tangu mbio hizi zilipoanza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, gari liliweza kutengenezwa popote njiani, na baadaye timu kubwa zilifuata madereva wao kwa helikopta. Leo, nje ya uwanja wa huduma, wanaoruhusiwa kuligusa gari ni dereva na mwelekezi wake tu, kwa vifaa walivyobeba ndani. Kwa hiyo bingwa wa dunia unaweza kumkuta kalala chini ya gari kando ya njia, kofia ya mbio pembeni, anahangaika na nati kama kondakta wa daladala.

Ikishafunguka, inaingia mpya. Zile zenye plastiki ndani hazirudiwi. Bolti za bushi hukazwa mwisho, gari likiwa limeshuka kwenye tairi zake, la sivyo mpira wa bushi unabaki umejisokota na kuchanika mapema. Kisha fundi anachukua kalamu ya rangi, anachora mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Gari likirudi mchana wa kesho yake limejaa tope, tochi inaanza kumulika hapo, kuona kama mstari ule bado umenyooka.