Umepata atachi kwenye ukumbi wa maigizo? Bango pekee halijazi viti

Likizo ndefu imefika na wenzako wanasaka atachimenti kwenye benki, ofisi za kaunti na kampuni za simu. Wewe umekubaliwa katika ukumbi wa michezo ya kuigiza, idara ya mauzo na matangazo, na tayari shangazi yako ameuliza kama huko ndiko utasomea kucheza ngoma. Usimjibu bado. Ngoja uone kazi yenyewe.

Utagundua mapema kwamba unauza bidhaa inayooza haraka kuliko nyanya. Mama mboga asipouza sukuma leo, kesho atashusha bei. Lakini kiti kilichobaki tupu Jumamosi jioni, pazia likishafunguliwa, hakiuziki tena. Tuseme ukumbi una viti 300, tiketi ni Sh500 na wamefika watu 90 pekee. Hapo Sh105,000 zimeenda na upepo, ilhali taa zimewaka vilevile na waigizaji wametoa jasho lilelile. Ukiona msimamizi wako amekuwa mkali ghafla kuanzia Jumatano, hiyo ndiyo hesabu anayopiga kichwani.

Pengine unadhani kazi ni kurekodi mazoezi, kurusha video TikTok na kungoja watu wamiminike. Nilidhani hivyo pia nilipokuwa mwanagenzi katika ukumbi mmoja hapa Nairobi. Wiki ya pili nilipewa bango la mchezo nilitengeneze. Nililipamba, likasambaa WhatsApp, nikajiona mtaalamu. Shida ni kwamba niliandika Ijumaa badala ya Jumamosi.

Ijumaa hiyo jioni mlinzi akanipigia simu: kulikuwa na watu 14 langoni wakiuliza mbona kumefungwa. Kati yao alikuwa mama aliyetoka Rongai na watoto wawili, tena kwa nauli ya saa za msongamano. Nilitamani ardhi inimeze.

Msimamizi wangu hakunifokea. Alinipa orodha ya watu waliowahi kununua tiketi na kukubali kupigiwa simu, akaniambia niwaombe radhi kwa mkanganyiko ule, kisha niwaulize ni nini huwazuia kuja mara kwa mara.

Bana, simu hizo ndizo zilizonifunza kazi. Nilitarajia kuambiwa tiketi ni ghali, au kwamba siku hizi watu wanatazama filamu kwa simu. Wachache walisema hivyo. Wengi waliniuliza swali moja: "Kwani huwa mnamaliza saa ngapi?" Mtu wa Kitengela au Githurai akiona bango lako hamuwazii mhusika mkuu. Anawazia atakavyotoka katikati ya jiji saa tatu na nusu usiku, steji imepungua magari na nauli imepanda. Mabango yetu yote yalitaja saa ya kuanza. Hakuna hata moja lililotaja saa ya kumaliza.

Tukaongeza mstari mmoja kwenye bango la onyesho la Jumapili alasiri: tunaanza saa tisa, tunamaliza saa kumi na moja na nusu. Siwezi kuapa kwamba ni mstari huo pekee uliofanya kazi, lakini Jumapili ikaanza kujaa kuliko Ijumaa.

Kwa hivyo ukiingia, chunguza kwanza nani anakuja na nani hafiki. Mwalimu anayetaka kuleta basi zima la wanafunzi kutazama tamthilia teule kama Bembea ya Maisha hana haja na TikTok yako. Anataka barua rasmi, bei ya kikundi na risiti ya kumpelekea mhasibu wa shule. Lugha nayo ina uzito. Mwaka wa 2022, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, Ngaahika Ndeenda, ulipochezwa Kenya National Theatre, ulichezwa kwa Kiingereza na kwa Gĩkũyũ. Ukipewa mchezo kama huo, usitafsiri tu tangazo la kwanza. Mzee wa Limuru na mwanafunzi wa chuo kikuu hawaji kwa sababu moja.

Ukumbi huo, uliofunguliwa 1952 wakati wa ukoloni, una historia ndefu ya mvutano kuhusu nani anastahili nafasi. Mwaka wa 1976, The Trial of Dedan Kimathi na Betrayal in the City zilipewa siku chache tu, kwa sababu kalenda ilikuwa imejaa maonyesho ya kigeni. Kumbuka hilo ukiambiwa kupanga kalenda ya matangazo ni kazi ya karani.

Kuhusu nambari za simu, kuwa mwangalifu. Usichukue namba zilizoingia kupitia malipo ya M-Pesa ukaanza kuwatumia watu matangazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kukataa data yake itumiwe kumuuzia vitu. Weka kisanduku kidogo kwenye fomu ya tiketi, mtu achague mwenyewe.

Na pesa? Uliza kabla ya siku ya kwanza, tena bila haya: kuna nauli? Kuna chakula siku za maonyesho, ambapo utatoka usiku? Nani atajaza daftari lako la atachi? Kumbi nyingi hazina hela, hilo ni kweli, lakini kukopa Fuliza kila asubuhi ili ukabandike mabango bure kwa miezi mitatu ni jambo jingine. Wakikupa nauli tu, basi wakupe pia kazi yenye hesabu: tiketi ngapi zilitokana na WhatsApp, ngapi na shule, ngapi na redio. Ziandike kila wiki. Mimi kwenye usaili wangu wa kwanza wa kazi sikuulizwa hata kidogo kuhusu bango. Niliulizwa zile simu.

Yule mama wa Rongai tulimtumia tiketi tatu za bure za Jumapili. Alinijibu kwa ujumbe mfupi: "Asante. Hakikisha ni Jumapili kweli."