Ubao wa Matangazo wa Visiga

Ukitoka Kibaha Maili Moja kwa daladala ya Mlandizi, utapita Misugusugu, kisha utafika Visiga. Shukeni hapo, wapwa zangu. Twendeni ofisi ya serikali ya mtaa, tutazame ukutani. Mnauona ubao wa matangazo? Umepauka kwa jua. Una vitundu vya misumari. Karatasi moja imebaki na pini mbili, kona yake ya chini inapepea. Watu hupita bila kuusoma. Leo tuupe sauti.

"Mimi ni ubao," unasema. "Sina miguu, lakini nina kumbukumbu. Kilichosemwa hupita. Kilichoandikwa hubaki kwangu."

"Mjomba, huwa wanabandika nini hapo?"

Swali zuri! Hubandikwa tangazo la mkutano. Hubandikwa mapato na matumizi: fedha zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimefanya kazi gani.

"Na sera ni nini, mjomba?"

Lo, hapo umeuliza hasa! Fikirieni pilau ya shughuli. Mpishi hodari huuliza kabla hajainjika sufuria. Walaji ni wangapi? Nani hali pilipili? Maji tutachota wapi? Basi sera ni uamuzi wa serikali juu ya kitakachopikwa na namna kitakavyopikwa. Walaji ni sisi. Lakini mlaji asiyejua kuwa ana ruhusa ya kusema atanyamaza hata chumvi ikizidi. Kumjulisha kwamba anaruhusiwa, kumpa hesabu azisome, kumwachia nafasi ya kukataa, huko ndiko kumwezesha mwananchi.

"Niwape habari ya majirani zangu," unasema ubao. "Wilaya ya Kisarawe si mbali na hapa. Ina vijiji na mapori. Porini watu hupata kuni, fito na dawa. Ikaja kampuni ya Uingereza. Ikaomba ardhi ipande mibono, maana mbegu za mibono zina mafuta ya kuendeshea mitambo. Watu wakaambiwa kutakuwa na ajira, barabara, visima, zahanati. Vijiji 11 vikahusika. Mwaka 2009 kampuni ikapata zaidi ya hekta 8,000 kwa miaka 99."

"Miaka 99! Hata babu atakuwa hayupo!"

Naam. Hata wewe utakuwa mzee sana. Umehesabu vizuri.

"Na zile ahadi ziliandikwa wapi?"

Ubao unakaa kimya kidogo. "Nyingi zilisemwa tu. Kilichosemwa hupita. Mwaka 2011 kampuni ikaishiwa fedha. Mamia ya watu wakapoteza kazi. Wengine walikuwa wakilalamika kwamba hata njia ya kwenda kuchota maji imefungwa."

"Basi si wachukue ardhi yao?"

Ungedhani ni rahisi hivyo, mpwa wangu. Mwekezaji wa nje hapewi ardhi ya kijiji moja kwa moja. Kwanza ardhi hiyo huhamishwa, iwe ardhi ya jumla, chini ya serikali kuu. Kampuni ikianguka, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Wangapi walielezwa hilo kabla ya kukubali? Hapo ndipo moyo wangu unapouma. Kumwomba mtu kibali bila kumweleza anachokiachia si kumheshimu.

"Kwani hawakuwa na sheria ya kuwalinda?"

Walikuwa nayo! Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inautambua mkutano mkuu wa kijiji. Wajumbe wake ni wanakijiji wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mama muuza vitumbua ni mjumbe. Babu wa mikorosho ni mjumbe. Hakuna kadi ya mwaliko. Mkutano huo hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Mlango ulikuwepo. Kilichokosekana ni karatasi mkononi: ramani, fidia, ahadi zenye sahihi na tarehe.

Hata viongozi wakubwa walijifunza kwamba wananchi wanauhitaji mlango huo. Mwaka 1972 serikali ilifuta halmashauri za wilaya. Sheria za mwaka 1982 zikafungua njia ya kuzirudisha. Mwalimu Nyerere, aliyewahi kufundisha Pugu hapo jirani, alisema mwaka 1984 kwamba kama angeanza upya, kufuta serikali za mitaa ni jambo ambalo asingelifanya tena. Leo zimo kwenye Katiba, ibara ya 145 na 146. Kazi ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

"Mimi nina miaka kumi tu, mjomba. Siwezi kunyoosha mkono mkutanoni."

Kupiga kura huko, bado. Kusema, unaweza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakupa haki ya kutoa maoni kwa mambo yanayokuhusu. Na kusoma unajua tayari! Mama akirudi, msomee tangazo: mkutano ni lini, ajenda ni zipi. Ajenda ikiwa choo cha shule, nani anajua kuliko wewe asubuhi foleni inavyokuwa?

"Basi mama aulize: matundu mangapi, yataisha lini, na fedha ziko wapi!"

"Huyu mtoto nampenda," unasema ubao. "Mwambieni mama ahakikishe majibu yameandikwa kwenye muhtasari. Kisha nakala waje waibandike hapa kwangu. Kwa pini nne."