Herufi Zenye Kivuli: Namna Kompyuta Inavyopamba Maandishi

Wachoraji wa mabango katika miji ya Afrika Mashariki wanaifahamu tangu zamani kazi ya kuipa herufi kivuli. Kwanza huchora neno kwa rangi iliyokolea, kisha hupitisha brashi yenye rangi nyeusi kando ya herufi, upande mmoja tu na chini yake, na neno HOTELI au KINYOZI huonekana kana kwamba limejitenga na ukuta. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa kompyuta, kwa kutumia programu za kuhariri picha kama vile Photoshop na GIMP. Mtumiaji huandika neno, huchagua pambo alitakalo, na kufumba na kufumbua kivuli kimekwisha kutokea. Kwa kuwa jambo hilo hutendeka upesi mno, wengi hudhani kwamba kuna siri kubwa ndani yake. Kwa hakika hamna zaidi ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya.

Picha iliyomo katika kompyuta ni safu za nukta ndogo sana ziitwazo pikseli, na kila nukta ni namba. Katika picha isiyo na rangi, 0 ni weusi mtupu na 255 ni weupe mtupu. Picha ya rangi huhitaji namba tatu kwa kila nukta. Lakini herufi inapowekwa juu ya picha huhitajika namba nyingine, ambayo haielezi rangi bali huonyesha ni kwa kiasi gani herufi inakiziba kilicho nyuma yake. Namba hiyo huitwa alfa. Wazo la kuibeba alfa pamoja na rangi lilitokana na kazi ya Alvy Ray Smith na Edwin Catmull huko New York mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff walitoa kanuni za hesabu za kuiweka picha moja juu ya nyingine. Karibu mapambo yote ya herufi yamejengwa juu ya msingi huo.

Kivuli hupatikana hivi. Programu huchukua nakala ya alfa ya herufi, huisogeza nukta chache kuelekea kulia na chini, kisha huilainisha kingo. Kulainisha maana yake ni kuipa kila nukta wastani wa namba yake na namba za jirani zake. Tuseme mstari mmoja wa nukta unaokata ukingo wa herufi una namba 0, 0, 0, 255, 255, 255. Tukichukua wastani wa nukta tatu tatu, na herufi ikiwa inaendelea mbele, tutapata 0, 0, 85, 170, 255, 255. Ukingo uliokuwa mkali kama wembe sasa umekuwa mteremko. Programu zenyewe huwapa jirani wa karibu uzito zaidi kuliko wa mbali, kwa kufuata mchirizo wenye umbo la kengele unaoitwa kwa jina la mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss (1777–1855).

Hatua ya mwisho ni kuitia giza karatasi iliyo nyuma. Ikiwa karatasi ina mwangaza wa 200 na nguvu ya kivuli ni asilimia 60, nukta yenye alfa 255 itabakiwa na asilimia 40 ya mwangaza wake, yaani 80. Nukta yenye alfa 170 itakuwa 120, na yenye 85 itakuwa 160. Hivyo jicho huona 200, 200, 160, 120, 80, 80, na akili hutangaza mara moja: hiki ni kivuli.

Herufi zinazoonekana kama zimefinyangwa kwa udongo au kupigwa mhuri katika bati huhitaji kutoa tu. Kila nukta hutolewa namba ya jirani yake wa kushoto, kisha huongezwa 128, ambayo ni kijivu cha katikati. Katika mfano wetu, mteremko wa ukingo wa kushoto utatoa tofauti ya 85, nao utang'aa kwa 213. Ukingo wa kulia, ambako namba zinashuka, utapata 43, karibu na weusi. Mahali pasipo na mabadiliko hubaki 128. Pambo la mwanga unaozizunguka herufi, kwa upande wake, ni kile kile kivuli, ila hakikusogezwa na kimetiwa rangi angavu badala ya giza.

Lakini hesabu peke yake haitoshi kueleza kwa nini tunadanganyika. Akili ya binadamu imezoea jua lililo juu, kwa hiyo huchukulia kwamba mwanga unatoka juu. Mwaka 1988 mwanasayansi V. S. Ramachandran alichapisha majaribio yaliyoonyesha jinsi dhana hiyo inavyotawala tunavyoona vivuli: kinachong'aa juu na kufifia chini huonekana kimevimba, na kinyume chake huonekana shimo. Msomaji anaweza kujaribu mwenyewe kwa kuipindua juu chini picha ya herufi zilizoinuka. Aghalabu zitaonekana zimechongwa kuingia ndani. Kwa sababu hiyo bango ambalo picha yake imeangazwa kutoka kulia, na herufi zake zimeangazwa kutoka kushoto, humkera mtazamaji hata kama hajui kinachomkera.

Mapambo haya hayakuwa rahisi tangu mwanzo. Photoshop, iliyoanzishwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll, ilitolewa mwaka 1990, na kwa miaka kadhaa mtumiaji alilazimika kunakili, kusogeza na kulainisha kwa mkono wake. Toleo la 5.0 la mwaka 1998 ndilo lililoleta mapambo yaliyo tayari. Urahisi huo una hasara yake, kwani sasa neno moja huvishwa kivuli, mng'aro, mwinuko na ukingo wa dhahabu kwa pamoja, kama bibi harusi aliyebebeshwa vito vya ukoo mzima.

Hasara yenyewe si ya urembo tu. Kivuli chembamba kinaweza kuokoa maneno meupe yaliyoandikwa juu ya picha ya mawingu. Kivuli kinene huziba matundu ya herufi kama «a» na «e», na tangazo la chanjo likawa halisomeki na mzee mwenye macho dhaifu. Mwongozo wa kimataifa wa maandishi ya mtandao uliotolewa mwaka 2008 unataka mwangaza wa maandishi ya kawaida na wa mandhari yake utofautiane kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Tena, picha ikisha kuhifadhiwa kama tabaka moja, herufi huacha kuwa herufi na kuwa nukta tupu: kosa la tahajia halisahihishiki kwa kuandika upya juu yake, na programu inayowasomea wasioona inaweza kulipita tangazo zima kimya. Wenye kuandaa matangazo ya umma huhifadhi kwanza faili lenye matabaka yake, huandika maneno yale yale kando ya picha kama maandishi ya kawaida, kisha huipunguza picha hadi upana wa kidole gumba na kuitazama bila rangi, waone kama neno lingali linasomeka.