Bunduki Kuukuu za Majeshi na Mlango wa Forodha

Auzaye nguo zikimwishia huagiza nyingine, na mwenye shamba la karafuu hungoja mvua na mavuno. Lakini tajiri afanyaye biashara ya bunduki kuukuu za majeshi hana kiwanda cha kuagizia wala msimu wa kuungojea, kwa kuwa bidhaa yake ilikwisha kufanyizwa zamani na mafundi ambao wengi wao wamo makaburini, kwa ajili ya vita vilivyokwisha, na kila moja iyeyushwayo tanuruni hutoka katika hesabu isiyoongezeka tena. Kwa sababu hiyo soko hili, ambalo makao yake makuu leo ni Marekani, halifuati gharama ya chuma wala ujira wa fundi. Hufuata mlango wa forodha: serikali ikiufungua, kitu kilichokuwa adimu humwagika madukani kwa bei ya jozi ya viatu, na ikiufunga, kile cha bei ya viatu hutafutwa minadani na watu wenye uwezo mkubwa.

Sisi wa pwani ya Afrika ya Mashariki tuliijua biashara hii kabla Mmarekani hajaijua, ila tuliijua kwa upande wake mchungu. Katika miaka ya 1860, baada ya Waprusi kuwashinda Waaustria mwaka 1866 kwa bunduki zijazwazo kwa nyuma, kila dola ya Ulaya iliharakisha kuyaacha magobori yake, na muda si muda ikaja kuziacha hata hizo mpya kwa ajili ya nyingine zilizo bora zaidi, hata maghala yakafurika silaha zisizo na askari. Madalali wa Liège, katika Ubelgiji, walizinunua kwa jumla, wakazitengeneza na kuzipeleka popote penye mshitiri, na bandari kubwa ya upande wetu ilikuwa Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Kiingereza mjini humo, Euan-Smith, alikadiria kwamba silaha zilizokuwa zikiingia kila mwaka zilikuwa baina ya 80,000 na 100,000. Zikafuata njia za misafara hadi Tabora, Ujiji na Buganda, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu, na aghalabu ndizo zilizotumika kuwateka watu walioibeba pembe ile kuileta pwani. Mkutano wa Brussels wa mwaka 1890 ukazipiga marufuku bunduki zijazwazo kwa nyuma katika nchi zilizo baina ya daraja ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, lakini biashara haikufa. Ilihamia Maskati, ambako ilistawi hadi mwaka 1912, Sultani Faisal bin Turki alipoamuru, kwa shinikizo la Waingereza, bunduki zote ziwekwe katika ghala moja na zisitoke ila kwa idhini. Baadhi ya zilizobaki Omani, Martini-Henry kwa wingi, zimekuwa pambo la wanaume katika sherehe, na katika soko la Nizwa zimekuwa zikipita mikononi mwa wazee wanaozijua kama mfanyabiashara wa Unguja anavyoijua karafuu.

Soko la Marekani lilikua baada ya Vita Vikuu vya Pili. Majeshi yalipoanza kuchukua bunduki zijipakiazo zenyewe, Lee-Enfield, Mauser na Carcano zilibaki bila kazi, na hapo akatokea Samuel Cummings, mzaliwa wa Philadelphia, aliyeasisi kampuni ya Interarms mwaka 1953 na kujenga maghala yake Alexandria, katika jimbo la Virginia, ukingoni mwa mto Potomac. Alikwenda kwa mawaziri wa vita akanunua kwa shehena nzima vitu ambavyo wao waliviona mzigo, kisha vikauzwa kwa mwindaji na mkulima kwa dola chache, vikipelekwa nyumbani kwa posta kama vifurushi vya vitabu. Viwanda vya New England vilivyokuwa vikiuza bunduki mpya vililalamika kwamba vinanyang'anywa riziki, na mwaka 1958 seneta wa Massachusetts, John F. Kennedy, alipeleka mbele ya Seneti muswada wa kuzuia uingizaji wa silaha hizo; kilichopita kilikuwa kidogo kuliko alichokitaka, na meli ziliendelea kushusha. Mnamo Novemba 1963 yeye mwenyewe, akiwa Rais, aliuawa Dallas kwa Carcano ya Kiitalia ambayo Lee Harvey Oswald aliiagiza kwa posta kutoka duka moja la Chicago, pamoja na darubini yake, kwa dola 19.95.

Sheria iliyotiwa saini na Rais Johnson mwezi wa Oktoba 1968 ilikomesha kupeleka bunduki kwa posta kwa mtu yeyote tu, na ikafunga mlango wa silaha kuukuu za majeshi ya kigeni. Mlango huo ulikaa umefungwa miaka 16, hata mwaka 1984 Bunge likaruhusu ziingie zile zinazohesabika kuwa vitu vya kale na vya kumbukumbu, ambavyo kwa kawaida ni vile vilivyotimiza miaka 50. Mkusanyaji akitoa dola 30 hupata leseni ya miaka 3 imruhusuyo kununua vitu hivyo kutoka jimbo lolote na kuletewa mlangoni pake. Leseni hiyo ndogo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyolijenga soko kuliko matangazo yote ya matajiri, kwa maana ilimtenga mtu apendaye historia na mtu atafutaye silaha tu, ikamtaka aweke daftari la kila anachokinunua na kukiuza.

Kisha Dola ya Kisovieti ikaanguka, na maghala ya Urusi na Ukraine yakafunguka. Mosin-Nagant, bunduki ya askari wa Kirusi tangu mwaka 1891, iliyofanyizwa kwa makumi ya mamilioni huko Tula na Izhevsk, ilifika Marekani ndani ya makasha ya mbao, imezamishwa katika grisi nzito ya rangi ya asali iliyokwisha kukauka ndani ya kila tundu, na mwanzoni mwa karne hii mtu aliweza kuipata kwa dola chini ya 100 pamoja na singe, mkanda na kibuyu cha mafuta. Wengi waliinunua bila kuitazama mara mbili. Lakini aliyeiosha kwa maji ya moto na kuikausha polepole, akaiweka penye mwanga, aliona mambo: ile ya mwaka 1942 ina mikwaruzo ya chombo cha kukerezea iliyoachwa juu ya chuma, kwa kuwa Mjerumani alikuwa njiani na hapakuwa na saa ya kulainisha, ilhali ile ya mwaka 1938 imesuguliwa ikang'aa, namba ya komeo imepigwa upya baada ya vita, na ile ya zamani imefutwa kwa mstari mmoja. Bunduki hiyo hiyo leo huuzwa dola 400 na kuzidi.

Katika ujuzi huu wa kusoma alama ndipo faida inapopatikana na kupotezwa. Mshitiri aliye mzoefu hutazama kwanza kama namba za mtutu, komeo na kitako zinalingana, kwani zikilingana thamani hupanda sana. Hutazama pia kama mwingizaji amechonga jina lake na mji wake juu ya chuma, jambo ambalo sheria inamlazimisha alifanye; bunduki isiyo na chapa hiyo inadhaniwa ilirudi nyumbani ndani ya mfuko wa askari aliyeiteka. Arisaka za Kijapani ni mfano ulio wazi. Juu ya kila moja lilichongwa ua la mfalme, na wakati wa kusalimu amri mwaka 1945 maua mengi yalisagwa ili yasiaibishwe mikononi mwa adui. Zile ambazo ua lake li zima aghalabu zilichukuliwa vitani kabla ya siku hiyo, nazo hununuliwa kwa bei ya juu. Ama bunduki ya Kiswisi iitwayo K31, iliyofanyizwa tangu mwaka 1933 hadi 1958, ina jambo ambalo sijaliona katika bidhaa nyingine yoyote ya kijeshi. Ukifungua skrubu mbili za bamba la chuma lililo chini ya kitako, mara nyingi utakuta kipande kidogo kilichoandikwa jina la askari, kikosi chake na mji wake, na kuna Wamarekani waliowaandikia barua wazee hao, wakajibiwa. Asili ya namna hiyo haiwezi kughushiwa kwa urahisi, na ndiyo sababu nasema kwamba katika soko hili hati na ushahidi ni rasilmali iliyo sawa na chuma chenyewe. Mihuri ya tai wa Kijerumani, kinyume chake, hughushiwa kila siku, na darubini za wadunguzi hutiwa juu ya bunduki za kawaida na kuuzwa kwa mara tano ya bei.

Tangu Dola ya Kisovieti ianguke, milango imekuwa ikifungwa mmoja baada ya mwingine. Bunduki za Kichina zilizuiwa mwaka 1994. Mwaka 2013 serikali ya Obama ilitangaza kwamba silaha zilizofanyizwa Marekani na kupewa nchi marafiki hazitaruhusiwa kurudi kwa watu binafsi, ikazifungia bunduki nyingi za Garand zilizokuwa zikingojea Korea Kusini. Mwaka 2021 vibali vipya vya bunduki na risasi za Kirusi vilikoma, na vita vya Ukraine vikaukausha mkondo uliobaki. Garand chache zilipata njia nyingine: mwaka 2018 maelfu yake yalirudi kutoka Ufilipino na Uturuki, yakauzwa na shirika la mafunzo ya shabaha lenye maduka yake Anniston, Alabama, na Camp Perry, Ohio. Ulaya nayo, baada ya mashambulio ya Paris ya mwaka 2015, ilikaza kanuni za bunduki zilizovunjwa nguvu, na Uingereza mwaka 2021 iliziondoa aina kadhaa za risasi katika orodha ya vitu vya kale vilivyoachwa huru, kwa kuwa wahalifu walikuwa wakizitumia.

Kwetu njia iliyochaguliwa ni moto. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi zetu ziteketeze silaha zilizozidi na zilizotekwa, na mwaka 2016 Kenya ilichoma silaha 5,250 huko Ngong. Silaumu hata kidogo: mama wa Turkana au Pokot aliyempoteza mwanawe kwa wezi wa ng'ombe hana haja ya kusikia habari za wakusanyaji. Hata hivyo naomba, kwa moyo wote, kwamba kabla ya tanuru mtu wa makumbusho apewe siku chache na daftari, kwa kuwa ndani ya lundo la bunduki za juzi huweza kuwamo gobori la msafara wa Tabora au Mauser ya askari wa Kijerumani wa Tanga, nasi tuna ushahidi mchache mno wa zama hizo wa kuuyeyusha bila kuusoma.

Thamani ya kusoma huko imedhihirika Nepal, ambako mwaka 2003 kampuni mbili za Kimarekani zilinunua bunduki za kale kiasi cha 50,000 zilizokuwa zimelala katika jumba kuukuu la Kathmandu, na imedhihirika tena kwa jirani zetu wa Ethiopia, ambao katika miaka ya karibuni wameuza maghala yao. Humo zimetoka Vetterli za aina waliyokuja nayo Waitalia Adwa mwaka 1896, Carcano za uvamizi wa mwaka 1935, Mauser na Lee-Enfield, nyingi zimeliwa na kutu na vitako vyake vimefungwa kwa ngozi na waya. Wamarekani walizinunua kwa kuwa hazikuwako nyingine za bei rahisi. Mimi naona ni habari nzito ya Afrika iliyovuka bahari bila karatasi.

Wanunuzi wenyewe nao wanabadilika. Wale waliojaza vyumba vyao katika miaka ya 1960 wanakufa, na warithi wao hupeleka mali mnadani. Vipande vilivyo kamili hupiganiwa kwa bei. Vile vya kawaida, vilivyokatwa vitako au kutiwa rangi, hukaa. Na juu ya yote liko swali la risasi. Zile za zamani zilizouzwa kwa makasha, zenye kiwashio chenye chumvi kinacholazimu mtutu uoshwe kwa maji jioni ile ile, zimekwisha karibu zote, na risasi mpya za aina hizi za kale hutoka viwanda vichache, kilicho mashuhuri kikiwa kile cha Užice, nchini Serbia, kwa bei inayomfanya mtu ahesabu kila mlio. Mpiga shabaha aliyevutwa sokoni na urahisi amekwisha kurudi kwenye bunduki za kisasa, na anayebaki mezani kwa dalali ni yule anayeuliza bunduki ilitoka ghala gani, na nani ana karatasi zake.